Feni Ambayo Hakuna Aliyeizima

Mume wangu alipokufa kiwandani, alipewa majina mawili kabla hatujamzika. Ndani ya lango la kiwanda aliitwa mzembe, kwamba alisimama mahali ambapo mtu haruhusiwi kusimama mashine ikizunguka. Nje ya lango, mbele ya waombolezaji, aliitwa shujaa aliyejitoa kwa ajili ya kampuni. Waliosema hivyo ni watu wale wale. Mimi niliishi naye, na najua hakuwa mzembe wala shujaa. Majina yote mawili yananikasirisha, ila la pili linanichoma zaidi kwa sababu lililetwa na maua.

Mimi ni muuzaji wa mapazia ya mitumba katika soko la Kariobangi, na shule niliishia darasa la nane. Cheo cha mume wangu kilikuwa kirefu na cha Kizungu, sikuwahi kukitamka vizuri. Watu wa ploti tuliyopanga walimwita injinia tu. Nilipomuuliza zamani kazi yake hasa ni ipi, alisema, "Mafundi wengine wanatengeneza mashine ikiharibika. Mimi nalipwa ili isiharibike."

"Na isipoharibika watajuaje umefanya kazi?"

Alicheka sana. "Hapo ndipo shida ilipo, mama."

Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha aliiweka juu ya mashine inayozunguka, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Alisema kila mashine ina sauti yake ya afya, na ikianza kuugua sauti hubadilika mapema sana kabla mtu wa kawaida hajasikia kelele. Kiwandani walimnunulia vyombo vya kupima mtikisiko, akavitumia, lakini bisibisi hakuiacha. Hata nyumbani alikuwa hivyo. Friji yetu aliisikiliza. Pampu ya maji ya ploti aliisikiliza, na motori yake aliigusa kwa nyuma ya kiganja, kamwe si kwa vidole. Alisema umeme ukikupiga kiganjani mkono hujikunja ukashika, ukikupiga nyuma mkono hujivuta wenyewe. Hadi leo nagusa pasi hivyo.

Kiwanda chao kiko Industrial Area, kinatengeneza sabuni ya unga. Kila mwezi walikuwa na zawadi ya fundi bora. Picha ya mshindi ilibandikwa ukutani karibu na kantini, naye alipewa katoni ya sabuni. Fundi bora alikuwa yule aliyefufua mashine haraka kuliko wengine baada ya kukwama. Kulikuwa na fundi mmoja mnene, mcheshi, mkazi wa mtaa wa Umoja, ambaye picha yake ilikaa pale ukutani hadi ikafifia. Alikuwa akija kwetu Jumapili, anakula, anamchokoza mwenyeji wake.

"Injinia wa kusikiliza redio! Leo imetangaza nini?"

"Imetangaza kwamba mwezi huu hutapata sabuni, buda. Hakuna kitu kitakachokwama."

"Basi mke wangu atafulia nini? Acha hata mkanda mmoja ukatike, bana. Tule wote."

Tulicheka. Leo nikikumbuka sioni kichekesho. Kiwanda kizima kilikuwa kimefundishwa kupenda ajali ndogo. Aliyetoka jasho akipigana na mashine iliyokufa alipigiwa makofi, na aliyeizuia isife aliulizwa mbona anazurura na bisibisi.

Mkubwa wao wote, meneja wa uzalishaji, alimuuliza hivyo hivyo mbele ya watu: "Mashine zote zinazunguka. Wewe unafanya nini hapa?"

Sasa nieleze habari ya feni, maana ndiyo ilimuua. Ni feni kubwa kuliko sebule yetu, inayovuta hewa ya moto kukausha sabuni. Mhimili wake unashikwa na beringi, yaani pete za chuma zenye gololi ndani. Beringi ikilika, mhimili unayumba, na kitu kizito kikiyumba kwa kasi ile hupasuka.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliisikia ikianza kubadilika. Aliomba isimamishwe, wakamwambia asubiri. Siku iliyofuata hakusubiri. Alienda kwenye kitufe chekundu cha kuzimia, akakibonyeza. Kiwanda kikasimama. Wakaifungua feni, wakatoa beringi, meneja akaizungusha mkononi mbele ya mafundi na kusema, "Umenisimamishia kiwanda kwa kitu kizima?"

Ilionekana nzima kwa sababu alikuwa ameiwahi. Angeiacha hadi ikavunjika, kila mtu angeona kwamba alisema kweli. Aliizima mapema, basi akawa mwongo. Nimelifikiria jambo hili nikipanga mapazia, nikifua, nikiwa kanisani, na kila mara natamani kupiga kitu.

Walimsimamisha kazi bila mshahara. Alikuja nyumbani na ile beringi kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani.

"Izungushe polepole," aliniambia. "Usiitazame. Fumba macho."

Niliizungusha. "Kuna kitu kama mchanga."

"Ndiyo. Ni huo mchanga." Akaichukua, akaishika muda mrefu. "Basi. Mke wangu amesikia."

Alikaa nyumbani wiki nyingi. Asubuhi alivaa kama mtu wa kwenda kazini, kisha akakaa kwenye kochi. Aliporudishwa, alipewa onyo kwamba hana ruhusa ya kuzima mashine yoyote bila idhini ya meneja. Akirudia, ni lango moja kwa moja. Mtu aliyerudi kazini hakuwa yule aliyesimamishwa. Bisibisi alikuwa nayo bado, lakini nyumbani hakusimulia tena mashine ilimwambia nini.

Ndiyo maana nilishtuka aliposema, wiki ile ya mwisho tukila jioni, "Feni inalia tena."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamesema tumalize oda kwanza."

"Na wewe?"

Alimega ugali, akauviringa, akaurudisha kwenye sahani. Nilimwona anaogopa, nami nikaacha kuuliza ili asijue kwamba nimeona.

Feni ilipasuka mchana, yeye akiwa kando yake na bisibisi sikioni. Kitufe chekundu kilikuwa ukutani, karibu naye. Mafundi waliokuwepo walikuja kunisimulia kwenye matanga, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya chini. Wote walijua. Yule fundi mnene alilia hadi akashindwa kumaliza chai. "Mathe, hata mimi bila bisibisi nilikuwa naisikia," alisema. "Sakafu ilikuwa inatetemeka." Nilimtazama. Sikumuuliza kwa nini hakuizima, kwa sababu swali hilo ningemuuliza pia aliyekuwa kwenye jeneza.

Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana nyumbani kwetu kila jioni. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, karani katika mahakama za Makadara. Ni mtu mwema, anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Jioni moja alileta habari.

"Kiwanda kimetoa jeneza, hema na basi la kutupeleka Ukambani. Wanaomba tu meneja aseme maneno machache kanisani."

"Maneno gani, shemeji?"

"Ya kawaida. Kwamba alikuwa shujaa wa kazi, alibaki kwenye mashine yake hadi mwisho."

"Kule kiwandani wanasema alikuwa mzembe."

"Hayo ni ya kiwandani. Haya ni ya msiba."

Nilisema simtaki meneja huyo kanisani. Shangazi ya marehemu, aliyekuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Na basi lisipokuja tutapanda nini kwenda kuzika? Hasira yako?"

Wengine walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani ambacho kila mtu anakionea haya. Watu walikuwa wengi na safari ni ndefu, na shangazi alikuwa amesema ukweli. Basi likakubaliwa, na meneja akakubaliwa. Mambo ya fidia yako kwa wakili na siyaandiki hapa. Kilichokuwa kikiniuma siku zile ni kitu kimoja: mume wangu angefunikwa udongo na neno lisilo lake, na neno hilo lingewafaa waliomuua. Shujaa ni mtu aliyechagua mwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza nani alimkataza kuizima.

Kwetu mjane huwa hasemi kanisani. Wasifu anaomtolea marehemu husomwa na mtu mwingine, yeye anakaa mbele amefunikwa leso, watu wanamhurumia. Shemeji alikuwa ameshaniandikia wangu. Ulikuwa mzuri, wenye mistari ya Biblia, na neno shujaa lilikuwemo. Nilimwambia nitausoma mwenyewe. Alifurahi, akadhani nimetulia.

Meneja alisema kabla yangu. Alisema kwa upole, na nadhani alikuwa na huzuni ya kweli, jambo ambalo halikunipunguzia kitu. Aliposema kwamba picha ya marehemu sasa itabandikwa ukutani karibu na kantini, nilisikia masikio yangu yakipata moto. Miaka yote ile mume wangu hakupata picha hiyo akiwa hai, kwa sababu mashine zake hazikuharibika. Ilibidi moja impasukie.

Nilipewa kipaza sauti. Ile karatasi ya shemeji niliikunja.

"Mume wangu hakuwa shujaa," nilisema. "Alikuwa anaogopa. Aliwahi kuizima feni hiyo akasimamishwa kazi wiki nyingi, akaambiwa asirudie. Safari hii aliomba izimwe, ikakataliwa. Alisimama pale anaisikiliza kwa sababu ndicho kitu pekee alichoruhusiwa kufanya. Kitufe kilikuwa—"

Mshereheshaji alimwashiria mpiga kinanda. Kinanda kikalia, kwaya ikasimama, wakaanza wimbo wa kuvuka mto. Niliendelea kusema. Sijui kilichosikika. Kipaza sauti kilizimwa, nami nikamalizia kwa mdomo mtupu kwamba kitufe kilikuwa karibu yake na karibu ya wote, na kila mtu mle alikuwa anangoja ruhusa. Safu ya mbele walisikia. Mafundi walikuwa safu ya tatu, na sare zao. Hakuna aliyeinua macho.

Basi lilitupeleka. Meneja hakuja na sisi. Kaburini mama mkwe wangu, ambaye kila mara nilimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na akaniita mwanangu, alisimama upande wa pili wa shimo. Tulipomaliza aliniambia, "Umemvua nguo mtoto wangu mbele ya watu. Kwa nini usingemwacha aende na heshima?"

"Mwaitu, alikuwa na heshima. Kuogopa kufukuzwa kazi si aibu yake."

"Kwangu ni aibu," alisema, akaenda zake. Tangu siku hiyo simu zangu anazipokea mara moja moja, tunasalimiana kama wapangaji. Simlaumu. Ila singesema vingine.

Kiwanda kilifunga feni mpya. Nilisikia, sikuuliza. Halafu mvua za masika zikiwa zinaisha, nikiwa kibandani kwangu sokoni, alitokea yule fundi mnene wa Umoja, mchana, siku ya kazi. Alikuwa amevaa nadhifu. Nilijua kabla hajasema, maana mavazi yale ya kukaa kwenye kochi nayafahamu.

"Mathe, mambo."

"Umefanya nini?"

"Nimeizima." Alikaa kwenye mzigo wa mapazia. "Ilianza kutetemeka. Niliomba, wakasema kesho. Nikabonyeza. Wakanisimamisha siku hiyo hiyo."

Alitoa mfukoni kitambaa chenye grisi, akakifungua. Beringi ilikuwa inang'aa. "Wanasema ni nzima. Wewe ulisikia ile ya mzee wako, alituambia. Hebu shika."

Nilifumba macho, nikaizungusha polepole. Soko lilikuwa na kelele, mafundi wa ng'ambo ya barabara wanagonga mabati. Nilijaribu tena. Nilitaka sana kusikia ule mchanga. Nilizungusha upande huu na upande ule.

"Sisikii kitu," nilimwambia. Singeweza kumdanganya.

Alitikisa kichwa. "Hata mimi sina hakika. Labda nilikosea. Labda ni msingi tu ulilegea, sijui. Nyumbani hawajajua. Nimetoka asubuhi kama naenda kazini."

Hasira ilinipanda upya, ile ile, ila haikuwa juu yake. Mtu mzima na familia yake ameketi juu ya mapazia yangu, eti kwa sababu alikataa kungoja chuma kimpasukie. Na hata kama alikosea, amekosea akiwa hai. Kwa nini hilo ni kosa la kumsimamisha mtu kazi, na lile lingine ni la kumwekea picha?

Niliifunga beringi kwenye kitambaa chake, nikamrudishia. Nikamwita mama wa chai alete vikombe viwili na mandazi.

"Kunywa," nilimwambia. "Ukimaliza nafunga kibanda. Twende kwako pamoja, mkeo aambiwe leo, na aambiwe na mimi."