Mashine ya game niliyobeba 2008: nimeifufua, mama akasema irudi kwa mwenyewe

Wakuu, salamu kwenu wote. Hii ni ukweli mtupu, na mjinga wa hadithi ni mimi mwenyewe, kwa hivyo wenye mawe shikeni kwanza.

Mimi ni wa Kapseret, hapa Eldoret. Wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina kazi, na akili sijui nilikuwa nimeiacha wapi.

Mjini kulikuwa na Mzee Farah, anauza magodoro na mablanketi. Nyuma ya duka aliweka mashine ya game, ile ya kusimama kama kabati. Unatumbukiza shilingi, unashika joystick, unapigana mpaka uuawe. Mimi niliuawa sana.

Siku maduka yalivunjwa, wenzangu walibeba magodoro. Vitu za maana.

Mimi nikabeba game.

Niliisukuma na mkokoteni mpaka Kapseret. Moshi kila mahali. Njiani nikapita mama mmoja amebeba mtoto na sufuria, anaenda kambi ya waliofukuzwa makwao. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akaendelea kutembea. Hapo sina utani wa kuweka, wakuu.

Kufika nyumbani, kitu ikakataa kuwaka. Mama hakuuliza imetoka wapi. Baada ya wiki mbili aliweka nyasi kavu ndani, kuku wakahamia. Kuku wa kwetu wametaga kwa hiyo mashine zaidi ya miaka kumi.

Sasa mimi siku hizi nafunga wiring za nyumba. Siku moja nikaona video ya jamaa anafufua mashine kama hiyo na emulator. Kwa wasiojua, emulator ni program inafanya kompyuta ndogo ijifanye mashine ya zamani. Hiyo kompyuta, board yenyewe, inatoshea mfukoni.

Nikasema, mimi na huyo jamaa tofauti yetu ni kuku tu.

Nikafukuza kuku. Mama akanuna siku tatu.

Ndani ilikuwa maafa. Kinyesi kimekula waya, panya wamemalizia. Kioo cha zamani kilikuwa kimekufa, nikaweka monitor ya ofisi niliyopata kwa mitumba. Joystick niliosha na mswaki. Button nne zilipona, mbili nikanunua mpya, rangi haifanani, sijali.

Nikanunua board, nikaweka games kwa memory card, nikawasha. Ikawaka!

Dakika mbili, ikazima. Ikawaka. Ikazima.

Wiki tatu nilibadilisha memory card, nikaweka program upya, nikalaani waliotengeneza. Mwishowe nikaita Chebet, dada mmoja anatengeneza simu mjini. Alichungulia hata hajaweka mkoba chini.

"Umewasha na charger ya simu?"

"Eeh."

"Na wewe ni fundi wa stima?"

Wakuu, charger ilikuwa inatoa stima kidogo, board inashindwa kupumua. Nikaweka power supply ya maana, tukacheza mpaka chai ikapoa. Chebet alinichapa mara sita.

Mpango wangu ulikuwa niiweke kwa kinyozi hapa center, watu wacheze, nikule polepole. Nikamwambia mama.

"Ikiwa mbovu nilinyamaza," akasema, "kuku hawajui sheria. Lakini sasa imepona. Kitu kizima kina mwenyewe."

"Mama, ni miaka mingi. Mzee amesahau."

"Kama amesahau, kwa nini unapitia barabara ya nyuma ukienda town?"

Sikuwa najua anajua.

Jumamosi nikapakia kwa pickup. Mzee Farah bado yuko hapo hapo, ndevu zimekuwa nyeupe. Aliizunguka mashine mara mbili, akashika ubavuni mahali rangi imechubuka.

"Hii ni yangu."

"Ni yako, Mzee. Ni mimi nilibeba."

Nikawasha, maana sikujua kingine cha kufanya. Muziki ukaanza kupiga kelele kati ya magodoro.

"Waryaa," akasema, yaani we kijana kwa Kisomali, "wewe ni mwizi ama fundi?"

"Zote mbili, Mzee."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Mlango wa nyuma. Nani alikufungulia?"

Nikamwambia hakuna. Tuling'oa mabati, nikashuka kwa paa, nikafungua kitasa kutoka ndani, upande huo hakihitaji ufunguo.

Mzee akakaa kwa godoro.

Kumbe yeye alikuta mlango wazi na kitasa kizima, akadhani mabati yaling'olewa baadaye, na mtu mwingine mwenye ufunguo alikuwa jirani yake, Mzee Korir, fundi wa nguo. Marafiki kabisa, wa kula pamoja. Tangu siku hiyo Mzee Farah hakumsalimia tena. Ukuta mmoja, miaka yote hiyo.

"Twende," akaniambia. "Utasema wewe."

Tulimpata Mzee Korir anashona uniform. Nilisema yote nimesimama kama mtoto wa shule. Alisimamisha cherehani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mzee Farah, si mimi.

"Hukuwahi kuniuliza."

"Sikukuuliza," Mzee Farah akajibu. "Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu."

Mzee Korir alitoa kitambaa kwa stuli ya pili akaipanguza. Mzee Farah akakaa. Mimi hakuna aliyeniambia nikae, na ilikuwa sawa, nikaondoka.

Sasa, msinipigie makofi. Mzee Korir mpaka leo nikimsalimia anaangalia sindano yake. Ni haki yake.

Nilichojifunza: mimi nilidhani nimeiba mashine tu. Nilikuwa nimebeba urafiki wa wazee wawili, na sikujua hata uko kwa mkokoteni. Pia, tafadhalini, msiwashe board na charger ya simu.

Wenye mlirudisha kitu cha wakati ule, ama mlirudishiwa, semeni hapa mliongea nini. Na wenye bado mnacho kwa nyumba, sitaki majina. Someni tu, mfikirie nani hasalimiwi kwa sababu yenu.