Kusema Mbele ya Mkubwa

Wanafunzi wangu wa kwanza, na wa mwisho, walikuwa wanawake watatu wa Kikorea waliokaa jengo moja Ghubra, Maskati, nyuma ya kliniki niliyokuwa nikifanya kazi ya mapokezi. Waume zao walikuwa wahandisi kwenye kiwanda kilichokuwa kikijengwa Sohar, na nyumbani walirudi Alkhamisi na Ijumaa tu. Mimi skuli niliiacha mapema, mama alipomfuata baba kaburini katika mwaka mmoja, nikabaki na wadogo zangu wanne. Kiingereza nilikiokota pale mapokezini, kwa manesi wa Kihindi, kwa wagonjwa wa Kifilipino, kwa simu isiyonyamaza. Kanuni zake sikuzijua. Nilijua namna ya kumwambia mtu mwenye homa asubiri bila ya kumuudhi.

Yule mdogo wao alikuja kliniki na mumewe, ana mimba changa. Daktari alimuuliza yeye anaumwa wapi, akajibu mume: hakuna tatizo. Akamuuliza tena yeye, tumbo je, mkojo je. Mume akatabasamu, hakuna tatizo, hakuna tatizo. Mke alikuwa amekamata ukingo wa meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Siku ya pili alirudi homa imempanda, kaletwa na mama mmoja aliyevaa kofia ya jua, mkubwa wa wale watatu, ambaye mumewe ndiye mkubwa wa kazi wa waume wa wenzake. Wenzake walimwita Samonim, ndiyo heshima yao kwa mke wa mkubwa, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Samonim alinisikia nikizungumza na huyu na yule, akaniuliza kama nitakuja kwao mchana, kliniki inapofungwa, niwafundishe mazungumzo.

Nikasema nitakuja. Siku ya mwanzo Samonim alituuliza kila mmoja umri wake, akatupanga kwenye makochi kwa kufuata majibu. Nilidhani ni mchezo. Nilipotoka, yule mjamzito alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akatazama nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini, neno moja moja: "Mtoto akija, mume yuko Sohar. Mimi nataka kusema mwenyewe."

Niliirudia sentensi hiyo njia nzima mpaka Mabela.

Nyumbani tulikuwa na kompyuta sebuleni, ya mdogo wangu wa kiume aliyekuwa chuoni. Intaneti ilikuwa ya kadi ya kukwangua na ilipita kwenye simu ya nyumba, kwa hivyo mmoja akiingia mtandaoni wengine hawana simu. Nilimwambia mdogo wangu anitafutie namna Wakorea wanavyofundishwa kuzungumza Kiingereza.

"Dada, skuli uliikimbia," akasema, "leo unaifata mpaka ndani ya waya?"

"Washa mashine, wacha maneno."

"Naam, Mwalimu. Nisimame nikikujibu?"

"Simama, na kadi ikisha ukanunue nyengine."

Kurasa zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na mazungumzo yaliyoandikwa, ya hotelini, ya sokoni, ya kwa daktari, na mengine yana sauti, ila sauti ya dakika moja ilichukua muda wa kupika wali mpaka ishuke kwenye mashine. Mdogo wangu alinichomea kwenye sidii. Watu wa mazungumzo yale walikuwa wakilalamikia theluji na kuagiza supu. Theluji niliitoa, nikaweka joto na kiyoyozi kilichoharibika, jambo ambalo kila mtu Maskati ana la kusema juu yake.

Mle mtandaoni palikuwa na baraza la walimu vilevile, wengi wao wako Korea, wakiandikiana usiku na mchana. Wote walilia kilio kimoja, kwamba wanafunzi wao maneno wanayo lakini hawafungui mdomo. Niliposoma hayo nilifurahi kidogo, kwa sababu kwangu ilikuwa vivyo hivyo. Niliuliza, jana mmepika nini? Samonim akafikiri, akasema samaki. Wa kati akasema samaki. Mdogo akainamisha kichwa, akasema samaki. Wiki nzima jengo lile lilikula samaki. Nikiuliza nani anapenda bahari, Samonim haipendi, basi hakuna aliyeipenda, na dirisha lao linaitazama. Mjamzito ndiye aliyesema machache kuliko wote, na tumbo lilikuwa linakua.

Nikaandika swali kwenye baraza, kwa jina la kubuni. Akanijibu mwalimu mmoja aliyesema yuko Busan: watenganishe. Ushauri mzuri, nikaona. Somo lililofuata nikamchukua mjamzito jikoni, nikawaachia wale wawili sidii wasikilize. Jikoni hakusema neno. Alikuwa akitazama mlango, uso umemwiva. Niliporudi sebuleni Samonim alikuwa amezima redio na kukaa wima, mikono mapajani. Chai ililetwa, lakini mapeya, matunda waliyonikatia kila siku, hayakuletwa. Somo lililofuata mjamzito hakuja. La pili yake pia hakuja. Samonim aliniambia amechoka. Hakuniangalia.

Nilijua nimekosea, ila sikujua wapi. Nilirudi kwenye kurasa zangu nikasoma mpaka macho yakauma, na hazikuniambia.

Jibu nililipata Ijumaa, nyumbani. Nilikuwa nimepita kumtazama shangazi yetu mgonjwa, nikachelewa kurudi. Nilipoingia niliwakuta wadogo zangu wote wanne wamelizunguka sinia la wali na mchuzi wa papa, wamekunja miguu, hakuna aliyegusa. Mchuzi ulikuwa umeshaganda juu. Kitinda mimba alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Mbona hamjala?"

"Tunakungoja wewe."

"Nani kakwambieni mningoje?"

Wakatazamana. "Hakuna," akasema kitinda mimba. "Lakini nna njaa, Dada, nakwambia kweli."

"Na ningechelewa mpaka magharibi?"

"Tungekufa hapa hapa," akasema yule wa kompyuta, "wakakuta maiti nne zina adabu."

Nikasema, haya, kuleni. Mikono minne ikaingia kwa pamoja, na mimi sijakaa bado.

Nilikula nikiwaza. Hakuna siku niliyowaambia wadogo zangu wasile kabla yangu. Wala singeweza kumtoa mmoja wao nikamlisha chumbani. Angekula kwa aibu, na wengine wangeona nimewavunjia kitu. Ilitosha mimi kusema kuleni. Nikamfikiria Samonim, amekaa wima, mikono mapajani. Mimi nilimpita kama mlango uliofungwa, nikaingilia dirishani, na ufunguo anao yeye.

Jumamosi nilikwenda kwake peke yangu, na halua. Nilimuuliza kwanza khabari za mumewe, za mama yake Korea, za mguu wake uliokuwa ukimsumbua, kama tunavyoulizana sisi, na sikuharakisha. Kisha nikamwambia nahitaji msaada. Nina mazungumzo ya hospitali, nimeyatoa kwenye mtandao, lakini yanahitaji daktari, na daktari lazima awe mtu mzima. Je, atakubali kuwa daktari wangu?

Akayasoma mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mgonjwa nani?"

Nikamwambia achague yeye. Akachukua simu, akasema maneno mafupi ya Kikorea, na mjamzito akashuka kutoka ghorofa ya juu hata viatu hajavifunga.

Samonim alikuwa daktari mkali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Alivaa miwani. Aliuliza maumivu yameanza lini, na mgonjwa alipoinamisha kichwa akagonga meza kwa kalamu. "Daktari anauliza. Jibu."

"Asubuhi," akasema mgonjwa.

"Wapi?"

"Mgongo."

"Kidogo? Sana?"

Mgonjwa akanitazama mimi. Samonim akagonga tena. "Usimtazame yeye. Yeye si mgongo wako."

Wa kati, aliyeitwa naye akapewa unesi, akacheka mpaka akafunika uso, na mjamzito naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sana, daktari, na wewe unapiga kelele."

Samonim akaandika kwenye karatasi, uso haukubadilika. "Vizuri," akasema. "Endelea."

Tangu siku ile tuliuendeleza mtindo huo. Samonim alikuwa daktari, alikuwa polisi wa barabarani, alikuwa muuza samaki wa Sib asiyepunguza bei. Alichagua yeye, aliuliza yeye, na kila aliyeulizwa alipaswa kujibu. Mapeya yalirudi. Niliandika barazani kwamba mimi sikuwatenganisha, nimemfanya mkubwa wao awe muulizaji. Yule wa Busan akaandika kwamba atajaribu kwake.

Uchungu ulimjia asubuhi ya Jumatatu. Alinipigia mwenyewe kliniki, kwa Kiingereza, akasema leo, tafadhali njoo. Samonim alituendesha mpaka hospitali, mikono yote miwili kwenye usukani. Mume alikuwa amepigiwa simu Sohar na yuko njiani, lakini njia ile wakati ule ilikuwa ndefu. Mlangoni pa wodi ya wazazi nesi alituambia aingie mtu mmoja tu na mgonjwa. Nilimtazama Samonim. Alikuwa mkubwa, haki ilikuwa yake. Akanisukuma mimi begani, kisha akamgeukia mdogo wake na kusema kwa Kiingereza, ili na mimi nisikie, "Wewe sema. Mwalimu asiseme."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nimelea wanne, na mdomo wangu umezoea kuwatangulia. Nesi mkubwa, Mhindi wa makamo, aliingia na faili, akanigeukia mimi kama wanavyomgeukia mtu aliyefuatana na mgeni asiyejua lugha. Maumivu yameanza lini?

Nikabana meno. Nikatazama saa ya ukutani.

"Mimi ndiye mgonjwa," akasema yule binti kutoka kitandani. "Niulize mimi."

Nesi akageuka, akauliza, na yeye akajibu: alfajiri, mgongo, halafu chini, maji yametoka garini, dawa moja ya sindano, akaitaja jina, inamletea vipele, asipewe. Hili la mwisho halikuwamo kwenye karatasi zetu, wala mimi sikulijua, na pengine mumewe hakulijua. Nesi aliliandika kwa kalamu nyekundu. Halafu maumivu yakaja, akakamata mkono wangu akaubana mpaka nikaona nyota, na yalipopita alinitazama usoni, akamwita nesi tena.

"Mwalimu wangu anatetemeka," akamwambia. "Tafadhali, mpe kiti."

Nesi akaniletea kiti, nikakaa.