Neno Jipya la Baba Mdogo

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na kazi hiyo imemfunza kutomwamini mtu. Mteja akisema kiuno chake hakijabadilika, yeye huchukua futi akapima. Basi siku mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, asiyejua Kiingereza zaidi ya majina ya vipuri, alipotamka "actually" mezani, mama mdogo aliweka kijiko chini.

"Actually, chumvi imezidi," ndivyo baba mdogo alivyosema.

Chumvi haikuwa shida. Neno huambukizwa kama mafua, na mafua hayatoki kwa mtu wa mbali. Kuna aliyekuwa akikaa naye karibu na kumsikiliza vizuri. Nani huyo?

Akaja kwangu kwa kuwa nafundisha Kiingereza. "Nieleze hilo neno, mwanangu. Limetoka wapi, lina maana gani, na wanaolisema ni watu wa aina gani?"

Nikamwambia mzizi wake ni neno la Kilatini la kitendo, na zamani lilimaanisha kufanya jambo kwa vitendo.

"Vitendo!" Akapiga paja. "Nilijua tu!"

"Subiri, mama. Baadaye likawa 'kwa kweli'. Siku hizi hulitumia mtu anayetaka kukusahihisha kwa upole. Anajua umeshaamini jambo moja, naye anakuletea lingine."

"Kwa upole," alirudia, uso umemkunjamana. "Basi ni mwanamke."

Ukibishana naye unapoteza muda, nami nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Tangu siku hiyo kibanda chake kikawa kituo cha upelelezi. Kila mteja aliyevaa vizuri alisemeshwa mpaka mate yakamkauka. Bibi harusi mmoja alisema, "Actually, napenda mikono mirefu," akachomwa pini ubavuni. Maskini wa Mungu, ndiyo kwanza alikuwa amehamia mjini.

Ushahidi ukazidi kujaa. Macho ya mama mdogo hayaoni vitu vya karibu, na tangu waoane ni mumewe aliyemtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi. Sasa baba mdogo alikuwa na haraka kila siku, akiondoka bila kuutunga. Jioni hakumtazama usoni. "Moyo wake umehama," mama mdogo aliniambia, na safari hii hakuwa na mzaha. Alilia, akajifuta machozi kwa kipande cha gauni la mtu.

Asubuhi moja baba mdogo aliaga kwamba anakwenda kununua vyuma. Mkewe akamfuata, njia nzima akipanga matusi, fungu la mume na fungu la huyo mwenzake. Alimwona akitembea polepole, mkono ukipapasa ukuta, akajua anajificha. Akamwona anaingia hospitali. Nesi, aliwaza. Au mbaya zaidi, daktari.

Alimkuta kwenye benchi la kliniki ya macho, peke yake. Akakaa ubavuni pake, mdomo tayari. Baba mdogo akajisogeza kumpisha.

"Karibu, mama. Samahani, wamefika namba ngapi?"

Namba ilikuwa ukutani mbele yao, nyekundu, kubwa kama sahani. Mama mdogo akaisoma kwa sauti, na matusi yote yakamwishia kinywani.

Baba mdogo akageukia sauti aliyoitambua. "Umenifuata."

"Nimekufuata."

Wakaingia pamoja. Daktari alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya upole. Alitazama picha za macho, akavua miwani. "Actually, mzee wangu..."

Mama mdogo akaushika mkono wa mumewe kabla sentensi haijaisha. Alikuwa ameshaelezwa neno lile linamletea mtu nini.

Kesho yake niliwapitia kabla ya kwenda shule. Mama mdogo alikuwa ameinamia sindano, akilamba uzi, akijaribu, akilamba tena. Baba mdogo alikaa kando yake, uso ameuelekeza kwenye cherehani, akisubiri kuisikia ikianza.

"Umeingia?" akauliza.

"Actually," mama mdogo akasema kwa upole, "bado."