Kiganja Juu ya Mlango

Wiki hii nilipanga foleni ya madai ya fidia katika ofisi ya ardhi hapa Tunduma, nyuma ya bibi mmoja aliyejifunga kitenge kilichopauka. Barabara inapanuliwa, na maduka ya zamani yenye matao juu ya milango yamechorwa alama nyekundu ya kubomolewa.

"Unadai jengo lipi, bibi?" karani akamuuliza.

"Jengo si langu, mwanangu. Nadai kiganja."

Watu wakacheka. Bibi akangoja wamalize, kisha akaeleza. Tao la duka la kona lilijengwa na marehemu mumewe, na fundi yule kila alipomaliza kazi aligandamiza kiganja kwenye lipu ikiwa bado mbichi. Hakuwahi kupigwa picha.

"Tao likivunjwa sitabaki na kitu chake. Naomba wakikate kile kipande kabla tingatinga halijafika."

Karani aliinua kalamu, akaishusha. "Fomu inataka nyumba, shamba au mazao, bibi."

"Andika utakavyoweza, baba."

Karani akaivuta fomu karibu. "Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto. Cha kulia kilishika mwiko."

Nimesoma karatasi nyingi za serikali, na nyingi husema mengi bila kumwona mtu. Hii ya bibi ilipigwa muhuri mbele yetu: "Mali inayodaiwa: kiganja kimoja, cha kushoto. Kikatwe kwa patasi, taratibu, akabidhiwe mkewe."