Motokari ya Matope na ya Kila Siku

Mume wangu alitaka jeep. Mimi nilitaka motokari, yaani gari la nyumbani. Kwa watu wengi wa kambi ya jeshi ya Kamina, miaka ile ya Zaire, hayo yalikuwa maneno mawili ya kitu kimoja. Kwangu yalikuwa mambo mawili tofauti, na nilijua tofauti yake kabla hatujatoka kwenda kuangalia hata moja.

Kazi yangu ilikuwa samaki. Nilikuwa nikipanda treni hadi Bukama, nanunua samaki wa Lualaba waliokaushwa kwa moshi, halafu narudi kuwauzia wake wa askari. Walitoka pembe zote za nchi, wakagombana kwa lugha zote za nchi, lakini samaki wangu walipendwa na wote. Kisha treni ikaanza kuchelewa. Ilichelewa asubuhi nzima, baadaye siku nzima, na vikapu vyangu vikalala kituoni kwenye unyevu mpaka samaki wakaota ukungu. Nikaamua kwamba nitakwenda Bukama kwa magurudumu yangu mwenyewe.

Kuendesha nilijua. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa kamiyo, lori la pamba, na alinifundisha nikiwa msichana kwenye njia za kiangazi, bila kuona kwamba anafanya jambo la ajabu. Mume wangu, adjudan, yaani sajini mkuu, katika kambi, mtu wa mkoa wa Ekwateri, mbali kaskazini, aliniona kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye usukani wa kamiyo ile. Kwa hiyo hakuweza kusema baadaye kwamba hakujua anaoa nani.

Tulikuwa na akiba ya kutosha kwa motokari moja iliyokwisha kutumika. Tuliishi pamoja na mama wa mume wangu, ambaye alimleta kutoka kwao baada ya baba yake kufariki. Mama huyo alikuwa na nyonga mbovu, alizungumza Kilingala, na Kiswahili chetu alikijua kidogo. Aliniita bokilo, yaani mkwe. Mimi nilimwita mama. Tuliishi kwa heshima na kwa kimya. Nilipika sombe, majani ya muhogo, akala. Nilipomuuliza kama chumvi inatosha, aliitikia kwa kichwa tu.

Jeep ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake kambini. Fupi, pana, ngumu, yenye paa la turubai na viti vya chuma vya kukaa ubavuubavu nyuma. Mume wangu aliizunguka kama mtu anayezunguka ng'ombe wa mahari. Mwenye jeep alitupatia funguo kwa siku nzima, tuijaribu tunavyotaka.

"Twende mpaka mu bonde," mume wangu akasema. "Utaona vile inapanda."

"Tusianzie mu matope," nikamjibu. "Tufanye nayo siku yetu ya kila siku. Matope tutayaona kisha."

Hakupenda, lakini alikubali. Tukawapeleka watoto wetu shuleni. Tukaenda soko la mjini, na kutoka kambini hadi mjini njia ni ndefu ya kutosha kumjulisha mtu na mgongo wake. Kila shimo dogo jeep ililiruka kama panzi. Unga nilioununua ulipasua mfuko wake, na tulipoingia kanisani kusalimu nilikuwa mweupe hadi kwenye nyusi. Wakati wa kurudi tulimchukua mama hospitali, alikokwenda kwa ajili ya nyonga yake. Hakukuwa na mahali pa kukanyaga ili apande. Mwanawe alimbeba mikononi, mbele ya watu waliokaa barazani wakisubiri daktari, akamweka nyuma kwenye chuma.  Mvua ilipoanza na maji yakaingia chini ya turubai, mama alijifunika kichwa kwa kitenge chake.

Baadaye mume wangu alinipeleka bondeni, upande wa njia ya Bukama, karibu na kijiji cha wajomba zangu, mahali ambapo mvua hugeuza udongo kuwa uji. Jeep ilipita bila hata kusita. Sitaisingizia: ilikuwa mashine nzuri. Akaizima ng'ambo ya pili, akanitazama.

"Sasa utasema nini?"

"Nasema iko nguvu," nikamwambia. "Lakini hii iko motokari ya kwenda vita. Minyi naenda soko."

Ya pili ilikuwa ya mfanyabiashara wa mjini, ndogo, inayong'aa, yenye viti laini. Ilikwaruza tumbo kwenye mifereji ya mvua kabla hatujatoka mtaani kwake. Tuliirudisha, naye akacheka pamoja nasi.

Ya tatu niliisikia kwa wanawake wa kanisani: masere, yaani masista, wa hospitali ya uzazi walikuwa wamepata motokari mpya na wanauza ya zamani. Tukaenda. Ilikuwa ndefu, ya mazutu, yaani dizeli, rangi yake imepauka kwa jua. Ilikuwa na milango inayofunga, kiti cha nyuma kinachotazama mbele, nafasi ya mizigo, na magurudumu manne yote yalisukuma ukivuta fimbo ya pili ya gia. Pembeni mwa kila mlango palikuwa na kidato cha kukanyagia. Masere mzee aliyekuwa akiiendesha kwenda vijijini kuchukua wajawazito alitueleza bila kutubembeleza.

"Haikimbii," alisema. "Kama munatafuta kukimbia, muache. Na nyuma iko murefu, mu matope inaweza kukwama. Lakini mama mwenye uchungu nilimulalisha humu, akafika mu hospitali akiwa angali na nguvu ya kunigombeza."

Nikaomba siku moja, akatupatia. Safari hii nilimwomba mama aje tangu asubuhi. Alikikanyaga kidato kwa mguu wake mzima, akashika mpini wa mlango, akapanda mwenyewe. Alikaa, akavuta kitenge magotini, akafunga mlango mwenyewe. Nilimwona kwenye kioo akiugusa mlango kwa kiganja, kama mtu anayepima kama ukuta umekauka.

Tulifanya siku yetu: shule, soko, kanisa. Unga ulibaki kwenye mfuko. Kisha tukashuka bondeni, mimi kwenye usukani, mvua ya jana yake ikiwa haijakauka. Tulifika katikati, na hapo hapo nyuma ikazama. Nilivuta fimbo, nikajaribu kwenda mbele, nikajaribu kurudi. Magurudumu yalizunguka palepale.

Mume wangu alishuka, matope yakamfika kwenye mashavu ya miguu. "Umeona? Jeep ilipita hapa, hata haikupumua."

"Nimeona."

"Basi?"

"Basi niambie. Bukama nitaenda kiangazi. Hapa mu matope tutapita mara ngapi mu mwaka? Na njia ya kambi tutaipita mara ngapi?"

Aligeuka kutazama kijijini. Wajomba zangu walikuwa wakija tayari na majembe na matawi, wakiwa na furaha ya watu waliopata kitu cha kutazama. Mume wangu akafungua mlango wa nyuma ili amtoe mama, motokari ipungue uzito.

"Mama, tushuke."

Mama akamtazama juu chini, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu akasema Kiswahili mbele yangu kwa sauti ya kusikika na wote, akikikanusha kwa "te" ya Kilingala.

"Minyi nashuka te. Niko muzuri hapa. Bokilo, nunua hii."

Wajomba walicheka hadi wakaegemea majembe. Mume wangu alicheka mwisho, lakini alicheka. Tulisukuma na mama akiwa ndani. Matawi yakashika, motokari ikatoka ikinguruma polepole, nami nikajua kwamba tumekwisha kununua.

Wenzake kambini walimtania kwamba adjudan anaendeshwa na wanawake wawili katika gari la masista. Alivumilia wiki za mwanzo, halafu mvua kubwa zikaja, na wale wale watani wakaanza kubisha mlangoni kwetu kuuliza kama tutapita hospitali, kama tuna nafasi ya mtoto mwenye homa, ya mama mkwe, ya gunia la mahindi. Nafasi ilikuwapo. Mume wangu alianza kuiosha mwenyewe kila Jumamosi.

Kiangazi kilipofika nilipanga safari yangu ya kwanza ya Bukama kwa njia ya nchi kavu. Alfajiri nilimkuta mama amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa, na kikapu magotini. Sikumuuliza kitu. Tuliendesha siku yote tukipumzika pale nyonga yake ilipotaka, na jioni, kabla jua halijazama, tukafika mtoni.

Mama alishuka, akasimama ukingoni akitazama Lualaba.

"Mayi hii inaendaka wapi?" akaniuliza.

"Kongolo. Kindu. Halafu Kisangani."

"Kisangani?" Aliufuata mto kwa macho. "Kutoka Kisangani inaendaka Bumba. Lisala."

"Njo vile, mama. Inapita kwenu."

Alikuwa amezaliwa kwenye ukingo wa mto ule ule, kule chini sana ambako unaitwa kwa jina lingine, na katika miaka yote aliyokaa kwetu, kwenye uwanda wetu wa mchanga, hakuna aliyewahi kumwambia. Hata mimi, niliyekwenda na kurudi Bukama, sikuwahi kuwaza. Aliinama kwa shida, nikamshika kiuno, akachota maji kwa viganja akanawa uso, mara ya pili akanawa tena, na sikujua yapi ni maji na yapi ni machozi. Nikamshika kwa nguvu zaidi.

Asubuhi yake aliingia kati ya wauza samaki. Alifungua vikapu, akanusa, akavunja mkia wa samaki kusikiliza mlio wake, akarudisha waliokaushwa haraka haraka. Wauzaji walilalamika kwa Kiluba, naye akawajibu kwa Kilingala, na kila mmoja alielewa. Alichagua vizuri kuliko nilivyowahi kuchagua mimi.

Tulipanga vikapu nyuma, tukafunga milango, nikawasha. Njia nzima ya kurudi Kamina alizungumza, Kilingala na Kiswahili pamoja: juu ya mama yake, mitego ya baba yake, samaki mmoja mwenye miiba ambaye kwetu hakuna. Nilielewa karibu nusu. Nilipunguza mwendo ili nisikie vizuri.