Kabari Kwenye Stuli ya Mkaguzi

Alikuwa amekagua tiketi za mabasi kwa miaka thelathini na moja, na kazi ile haikumwachia pensheni peke yake. Ilimwachia na jicho. Akikutazama, unajipapasa mfukoni hata kama umekaa sebuleni kwako. Alipostaafu, jicho likakosa abiria, likahamia nyumbani. Akafunua masufuria. Akauliza kwa nini sabuni imeisha Jumatano badala ya Ijumaa. Mkewe, muuguzi wa zahanati, alivumilia miezi miwili. Wa tatu akasema, "Baba watoto, itafutie mikono yako kazi, kabla mikono yangu haijapata ya kufanya."

Ndipo Mkaguzi, maana hata mtaani walimwita hivyo, aliposafisha stoo ya nyuma, akanunua msumeno, randa, patasi na gundi, akaanza kutengeneza stuli. Siku randa ilipokubali kuteleza, ukanda mwembamba wa mbao ukajikunja kama ganda la chungwa, alisimama akautazama kitambo kizima. Hakuna abiria aliyewahi kumpa raha ya namna ile.

Ila stuli zenyewe zilicheza. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa fundi seremala hasa, alikuja Jumapili moja, akakalia ya kwanza, ikamwegemeza upande. "Shemeji," akasema, "hii ni stuli au bembea?" Wote wakacheka, hata mama mkwe, bibi wa miaka sabini na kitu aliyehamia kwao mwaka juzi, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mkaguzi naye akacheka, lakini cha rohoni alikijua mwenyewe.

Wiki ile akatengeneza nyingine. Jumatatu aliiacha ikicheza. Jumatano aliporudi kutoka dukani akaikuta imetulia tuli. Akaisukuma huku na huku, haikutikisika. Akajisifu moyoni kuwa labda gundi imekauka vizuri. Kisha akaipindua.

Misumari yake minne ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake, kwenye kila kichwa cha mguu, palikuwa na kabari ndogo ya mbao nyeusi, imepigwa ikaingia sawasawa, kama jino kwenye ufizi.

Mwizi anajulikana: anachukua. Lakini huyu anayeingia kwa watu na kuacha kitu anaitwa nani? Na anataka nini?

Mkaguzi hakumwambia mtu. Alifunga uzi mwembamba mlangoni, akapiga alama ya penseli pale randa inapokaa, akahesabu karatasi za msasa. Keshoye uzi ulikuwa mahali pake, umefungwa upya kwa fundo zuri kuliko lake. Msasa ulipungua mmoja. Basi mtu huyo hakuwa mjinga, na hakuwa mgeni. Chakulani akaanza kuwatazama watu mikono.

"Ufunguo wa stoo umempa nani?" akamuuliza mkewe.

"Ufunguo upo kwenye msumari wa jikoni miaka yote. Umeanza tena?"

Jibu la haraka mno, akawaza. Ndugu wawili hawa wamepatana: kaka anatengeneza, dada anafungua mlango, halafu siku moja nichekwe mbele ya watu. Akaibeba stuli kwapani mpaka karakana ya shemeji yake.

"Kama hukupenda kazi yangu ungeniambia," akasema, "si kunivizia."

Fundi akazima mashine. "Mimi nikisahihisha kazi ya mtu, namsahihisha machoni pake. Hebu lete." Akaipindua stuli. Akapitisha kidole juu ya kabari, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Umeitoa wapi hii?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

"Shemeji, usinitanie. Huyu ni baba. Hakuna aliyepiga kabari ya mshazari namna hii ila baba. Mimi mwenyewe nimejaribu nikashindwa." Akamtazama kwa jicho ambalo Mkaguzi alilifahamu, kwa kuwa lilikuwa lake. "Umenunua kazi yake ya zamani mahali, unajidai ni yako?"

Baba mkwe alikuwa amezikwa miaka kumi na tisa iliyopita. Mkaguzi alirudi nyumbani miguu ikimwambia nenda, kichwa kikimwambia simama.

Akaunda stuli nyingine ya misumari, na Jumanne iliyofuata akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda kupima presha na atakawia. Alifika kona ya duka, akahesabu mpaka mia tano, akarudi kwa mlango wa nyuma. Stoo ilikuwa wazi kidogo. Ndani kulisikika nyundo, taratibu, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Akasukuma mlango. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, stuli ameibana kwa magoti, misumari mitatu kaiweka midomoni. Macho yao yakakutana. Mkaguzi akageuka upesi, akasimama nje mgongo ukiwa ukutani. Kwa heshima ya ukwe, miaka yote ya ndoa hawakuwahi kuongea zaidi ya salamu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba." Akatema misumari. "Nisamehe. Ilikuwa inaniuma kuiona inavyoteseka."

"Stuli?"

"Mbao. Unaipigilia misumari kama unaidai."

Akamweleza kupitia ukutani, bila haraka. Marehemu mumewe aliingiwa na ukungu machoni akiwa bado kijana wa kazi. Mteja akijua fundi haoni, atarudi? Basi yeye alikaa mbele akipokea watu na kupiga soga, na mkewe alikuwa nyuma ya pazia na patasi. Miaka kumi na moja. Vitanda, makabati, viti vya nusu ya mji.

"Watoto walijua?"

"Hakuna aliyejua. Na mwanangu usimwambie. Anajivunia mkono wa baba yake."

Mkaguzi hakusema. Lakini Jumapili shemeji alikuja bila kualikwa, hakugusa chai, akaenda moja kwa moja stoo na kurudi na stuli mpya. Akaiweka mezani, miguu juu. "Leo utanieleza. Nani?"

Mkaguzi akatazama ukuta. Mkewe akamtazama Mkaguzi. "Mbona umenyamaza? Wewe?"

"Muacheni mkwe wangu," akasema bibi kutoka kwenye kiti chake. "Ni mimi."

Fundi akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. "Hata lile kabati la mwalimu mkuu?"

"Hata hilo."

"Mimi baba ndiye aliyenifundisha! Alikuwa akinisimamia, 'laza patasi, usiisukume'—"

"Na kabla hujaja asubuhi, nani alimweleza jana umekosea wapi? Mimi ndiye nilikuwa naipitia kazi yako, baba."

Fundi aliondoka bila kuaga. Mke wa Mkaguzi alilia kidogo, kisha akamuuliza mama yake kwa nini hakumfundisha yeye.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne fundi akatokea amebeba kiti cha mteja kilichovunjika mguu. Akakiweka mbele ya mama yake, akachuchumaa.

"Hiki kimenishinda," akasema.

Bibi akavaa miwani. Mkaguzi akaenda stoo kuleta patasi, na safari hii aliuacha mlango wazi.