Chanjo Aliyotaka Mama Niionje Kwanza

Ugonjwa ule ulipofika Buffalo, mimi peke yangu niliogopa kuliko jimbo zima. Nilinunua sabuni hadi chumba changu cha Grant Street kikanukia kama mtoto mchanga. Kiwandani nilivaa barakoa mbili, ya tatu iko mfukoni. Lakini chanjo yenyewe niliikimbia. Kila dada yangu wa Louisville aliponiuliza, nilimwambia zamu zimenibana. Ukweli ni kwamba nikiona sindano, magoti yangu hutaka kuondoka bila mimi.

Basi Amerika ikaanza kuzigawia nchi nyingine chanjo, na Kongo ikapata. Video ikatufikia kwenye simu: ndege, maboksi yenye bendera, balozi na waziri wanatabasamu kwa macho juu ya barakoa. Zikafika hadi Uvira, kwenye kituo cha afya karibu na kwa mama yetu. Mama ana sukari, na umri wake si wa kuchezea. Mwanakwaya mwenzake alikuwa amezikwa wiki ileile. Alikata roho akiwa ameketi kitandani, anatafuta hewa. Tulijua mama akiupata ule ugonjwa, haponi.

Tukampigia wote watatu: mimi, dada, na mdogo wetu anayesomea siasa chuo kikuu kule Columbus.

"Sitaki," mama akasema. "Kwa nini wanapigwa picha? Mwenye kukupa chakula kwa moyo, anaita mpiga picha?"

"Maman, ile ni diplomasia," mdogo wetu akasema. "Nchi zinapeana mkono."

"Bon, zipeane mikono yao. Mkono wangu waniachie."

Halafu akatoa sharti. Kwetu, kwa hofu ya sumu, mgeni hanywi pombe mpaka mwenyeji aifungue mbele yake na kuinywa wa kwanza. Nyinyi mko Amerika, mama akasema, nyinyi ndio wenyeji. Muionje, nione. Dada akarukia: yeye alichanjwa zamani, kazi yake ni kutunza wazee. Mdogo wetu naye, chuo kilimlazimisha. Mama akauliza ni ya aina gani. Yao ilikuwa ile ya sindano mbili. Iliyofika Uvira ni ya sindano moja.

"Donc mlikunywa kwa mtungi mwingine," mama akasema. "Nani hajakunywa?"

Nilihisi Louisville na Columbus zinanitazama.

"Yaya," mdogo wetu akaniita mimi mkubwa wake, kwa sauti tamu ya shetani, "si wewe zamu zilikubana?"

Asubuhi iliyofuata nikaingia duka la dawa, mama ndani ya simu. Nikamwomba mfamasia anipe ile ya sindano moja, na aonyeshe kichupa kwenye kamera.

"Mama yako ni mkaguzi wa serikali?" akauliza.

Nikamwambia serikali ingekuwa afadhali. Akacheka, akakisogeza kichupa, akavuta dawa mama anaona. Ile sindano, naapa, ilikuwa na urefu wa mlingoti wa bendera. Nilifumba macho nikaomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza chote kilichonipa cheti shule ya usiku.

"Bado," mama akasema. "Kesho nione kama uko."

Kesho ilinikuta natetemeka hadi kitanda kinasogea. Mifupa inauma, meno yanagongana. Dada akanipigia kabla ya mama. "Jipake mafuta usoni, kaa wima, cheka. Akikuona hivi haendi, na watu wa chanjo wanaondoka Uvira leo." Nikajipaka. Mama alipotokea kwenye simu, sote watatu tukiwemo, nikaanza utani.

Alinitazama tu. "Unatetemeka."

Ningeweza kusema ni baridi; Buffalo ingenitetea. Lakini nilikuwa na hofu ya kweli. Nikikubali kwamba naumwa, hataenda, na labda ndiyo namzika mama. Nikikataa, kisha homa hii imkute yuko peke yake, hataniamini tena maishani.

"Ndiyo, mama. Nina homa. Mwili wote unauma. Naogopa."

"Mungu wangu!" dada akapiga kelele.

Mama akajifunga kitenge. "Aliyekunywa pombe na hakulewa, huyo aliitema. Wewe uliimeza. Twende."

Jirani akamshikia simu. Tukaona benchi, glavu, bega la mama, jinsi lilivyokonda. Sindano ikakaribia, na mtandao ukakatika. Tukabaki watatu tunatazama nyuso zetu. Mdogo wetu, mjuzi wa siasa za dunia nzima, ndiye aliyekimbilia kupiga simu. Tulipiga, tukapiga tena. Niliuwaza moyo wake, nikaiwaza sukari yake, nikaliona jeneza na mimi niko ng'ambo siwezi hata kulibeba.

Hatimaye ukaingia ujumbe wa sauti wa jirani: "Mama yenu amekwisha kudungwa. Sasa anagombeza watu wa foleni, anasema wakunje mikono ya shati mapema wasicheleweshe wengine." Nyuma yake mama alisikika akimfokea mtu: "Wewe mzee mzima, unalilia nini?"

Dada akaanza kulia. Mimi pia machozi yalikuwa yananitoka. Nikawaambia ni homa.